Fungu la Kila Chumba

Machi 1998 tulimpoteza kaka yangu, na wiki hiyohiyo kiwanda cha samaki cha Musoma, kilichotuajiri mimi na yeye, kikapoteza chumba kizima cha sangara. Kaka alizikwa kwetu Butiama. Sangara walifukiwa nyuma ya kiwanda, na harufu yao ikafika hadi mwaloni Mwigobero. Pale hakuna anayeshangaa harufu ya samaki, lakini siku hiyo watu walishangaa.

Mimi nilikuwa mbeba kreti, mtu wa darasa la saba. Kaka ndiye aliyeandika programu iliyokaa ndani kabisa, kwenye kiini cha mfumo wa kompyuta, ikiamuru kila chumba cha baridi kiyeyushe lini barafu iliyoganda kwenye mabomba yake. Alinieleza tukirudi nyumbani Nyasho kwa miguu: kipima muda kikiamka hakijui lolote ila kile ulichokikabidhi. Kwa hiyo kila chumba alikipa fungu lake la kumbukumbu: joto lake, feni yake, hita yake ya kuyeyushia. Kipima muda chenyewe alikiweka ndani ya fungu hilo, ili kikiamka kijue kimeamka kwa nani.

Kaka alipolazwa, mkuu wetu wa ofisi alirudi kutoka semina ya kubana matumizi. Akafungua programu, akaona mafungu yanayofanana, akachukia.

"Huu ni ubinafsi," alisema kikaoni. "Vyumba vyote vitumie fungu moja."

Tulipiga makofi. Ndiyo iliyokuwa kazi yetu vikaoni. Akayaunganisha kwa mkono wake, na katika fungu hilo ikabaki hita ya chumba kilichoandikwa mwisho, chumba cha sangara. Tangu hapo, zamu ya kuyeyushwa ilipofika kwa chumba chochote, hita iliwaka kwa sangara.

Kikao kikatafuta mkosaji, kikampata upesi: kaka, maana ndiye pekee ambaye asingeomba nafasi ya kujitetea. Hotuba ya rambirambi ikapigwa chapa, ikimsifu marehemu kwa uchapakazi "licha ya dosari ya programu yake iliyoharibu samaki". Ingesomwa mbele ya mama siku ya kumaliza matanga.

Kabla ya siku hiyo aliitwa fundi wa kompyuta kutoka Mwanza. Alisoma, akacheka.

"Bosi, huyu wa kwanza alikuwaga sahihi kabisa. Nani kaunganisha haya mafungu?"

Mkuu akatazama dirishani. "Yarudishe yalivyokuwa."

"Na hotuba, mzee?" nikauliza.

"Hotuba imeshapigwa chapa, kijana."

Akaisoma yote Butiama, kwa sauti ya mhubiri. Mama, ambaye Kiswahili cha ofisi kinampita, akanigeukia. "Anasema nini?"

Nilimtafsiria kwa Kizanaki bila kuruka neno, hata hiyo dosari. Kisha nikamweleza alichosema fundi, na ni nani aliyeyaunganisha mafungu. Waombolezaji wakageuka kumtazama mkuu. Yeye, asiyejua Kizanaki, akatabasamu kwa heshima.

"Ndiye huyu?" mama akauliza.

"Ndiye, mama."

"Ametoka mbali. Mpe ugali kwanza. Akishiba, mwambie asome tena, aseme kweli."

Nikamnawisha. Alikula vizuri, akaomba mchuzi. Hapo ndipo nikamfikishia maneno ya mama. Akaikunja hotuba, akaitia mfukoni, akasema dereva anamsubiri. Akaondoka bila kunawa.