Waceke, Mbuthia na Alamu ya Gesi

Kabla simu za mkononi hazijaingia kila mfuko, mtu wa Nairobi aliyetaka kuzungumza na jamaa yake wa mbali mara nyingi alipokewa kwanza na sauti ya mwanamke. Mmoja wa wanawake hao alikuwa Waceke, jirani yetu wa Waithaka. Alivaa visikizi kichwani, akachomeka waya huku na kuchomoa kule, akisema, "Maralal, subiri. Kitale, zungumza." Majina ya miji yalimtoka kinywani kutwa nzima, na karibu yote hakuwahi kuiona. Safari zake zilikuwa za nyumbani kwenda kazini, na likizo alikwenda kwao Githunguri kuchuma chai.

Alipostaafu alimwambia mumewe neno moja tu: "Sasa nataka kuiona hiyo miji."

Mumewe, Mbuthia, alikuwa seremala mwenye karakana Riruta, mtu wa maneno machache aliyekuwa na vumbi la mbao kwenye nyusi hata siku ya Jumapili. Aliguna tu, akarudi karakana. Lakini baadaye mwalimu mmoja Mjerumani, ambaye alikuwa akijiandaa kurudi kwao, alimletea gari lake la kulala arekebishe makabati. Ndani mlikuwa na kitanda, sinki dogo, na jiko la gesi lenye mtungi wake. Mbuthia aliingia, akapapasa mbao zile, akafungua droo na kuifunga, na hakutaka kutoka. Wakaelewana. Mjerumani akasafiri na fanicha nzuri kuliko zote zilizowahi kutoka Riruta, na gari likabaki Waithaka, kando ya zizi la ng'ombe.

Hapo Waceke akawa kama msichana. Alishona mapazia ya maua. Alinunua sufuria ndogo na vikombe visivyovunjika. Majirani tulipopita kuchungulia, alituvulisha viatu mlangoni na kutukalisha kitandani mmoja mmoja, tuone jinsi godoro lilivyo laini. Mbuthia naye alitengeneza droo mpya ya vijiko chini ya jiko, ya mvule, iliyoteleza bila sauti. Mwaka huo, 2005, walipanga kwamba likizo ya mwezi wa nane ingewakuta Nyahururu.

Wiki chache kabla ya safari, Waceke aliamua kupika chai ya kwanza ndani ya gari. Hata kabla maji hayajachemka, kisanduku cheupe kilichokuwa ukutani, karibu na sakafu, kikaanza kulia: pii, kikanyamaza, pii tena.

"Hii kitu ni ya nini?" Mbuthia akauliza.

"Ni alamu ya gesi. Gesi ikivuja, inanusa halafu inatuambia."

Walizima jiko, wakafunga mtungi, wakafungua madirisha yote. Mbuthia akainama kila pembe akinusa na hakusikia harufu yoyote. Kisanduku kiliendelea kulia. Akatoka, akarudi na koleo.

"Nakata hizi nyaya. Maneno kwisha."

"Baba Shiru," Waceke akasema kwa upole, "ukikata hizo nyaya, Nyahururu utaenda peke yako."

Koleo likarudi karakana. Waceke alichukua bisibisi, akakifungua kisanduku mwenyewe, akakigeuza. Nyuma palikuwa pameandikwa mwaka wa mwisho wa kukitumia, na mwaka huo ulikuwa umepita zamani. Kilikuwa kinalia kwa uzee.

Jumatatu akakifunga kwenye leso, akaenda mjini. Luthuli Avenue yote aliipita duka kwa duka. Vijana wa maduka walimwonyesha redio, feni, kengele za mlangoni. Mmoja alimletea alamu ya gesi kweli, lakini ilikuwa ya kutumia stima ya nyumba, na Waceke alihitaji ya kutumia betri ya gari. "Mathe, jaribu kwa Dhruv," kijana akamwambia, akimwelekeza kwenye uchochoro wa nyuma. "Yule mzee ana vitu hata yeye mwenyewe amesahau."

Duka la Dhruv lilikuwa jembamba, limejaa maboksi hadi darini. Mzee mwenyewe alikuwa ameketi nyuma ya kaunta, amevaa sweta ingawa jua lilikuwa kali. Binti yake, Avni, alikuwa juu ya ngazi akipanga balbu.

"Habari ya asubuhi," Waceke akasema. "Natafuta alamu ya gesi ya gari la kulala."

Mzee Dhruv akainua kichwa. "Sema tena."

Waceke akadhani hasikii vizuri. Akarudia polepole, kwa sauti ile ya kazini.

"Mama, wewe ulikuwa wapi zamani? Ulikuwa kwa simu?"

"Ndiyo. Nilikuwa opereta."

Mzee akasimama, akashika kaunta kwa mikono miwili. "Hii sauti mimi najua! Avni, shuka! Shuka chini!" Akamgeukia Waceke. "Mke yangu alienda kuzaa kwa wazazi wake, Kitale. Mimi niko hapa, napiga simu, laini imejaa, napiga, laini imejaa. Wewe ukaniambia, 'Bwana, usikate, mimi nitakutafutia.' Ukatafuta mpaka ukapata."

Waceke akaweka mkono kifuani. Watu aliowaunganisha walikuwa wengi mno, lakini simu hiyo aliikumbuka. Mwanamke wa upande wa pili alipiga kelele, "Ni msichana!" na mwanamume wa Nairobi akashindwa kusema kitu. Kimya kikawa kirefu hadi Waceke akaogopa kwamba laini imekatika.

"Ulilia," akamwambia mzee. "Mimi nikasema, 'Nairobi, uko?' Ukaniambia, 'Niko, mama, niko.'"

"Nililia sana!" mzee akasema huku akicheka, na machozi yakamjaa tena. Akamvuta Avni karibu. "Msichana mwenyewe ndiye huyu."

Avni, mwanamke mzima mwenye vumbi la maboksi kwenye nywele, alimtazama Waceke, kisha akazunguka kaunta na kumkumbatia. Kwa muda hakuna aliyekumbuka habari ya gesi.

Walipokumbuka, Avni alipanda ngazi tena, akachakura nyuma ya maboksi ya betri, akashuka na alamu mpya. Ilikuwa ya betri ya gari, na mwaka wake wa mwisho ulikuwa mbali bado. "Na hii sikupi uende nayo," akasema. "Nitakuja kuifunga mimi mwenyewe, auntie. Daddy pia anakuja."

Jumapili, baada ya ibada, gari la akina Dhruv liliingia Waithaka likiwa na boksi la alamu na sahani kubwa ya bhajia. Mbuthia aliwapokea kwa kumwonyesha mzee Dhruv droo ya mvule. Mzee aliifungua na kuifunga, akaifungua tena, na wanaume hao wawili wakawa marafiki bila kuzungumza.

Avni aliunganisha nyaya, akakaza skrubu. Aliiweka alamu pale pale pa zamani, chini, kwa sababu gesi ya kupikia ni nzito na hutambaa sakafuni. Taa ndogo ya kijani ikawaka. Wakasubiri alamu ipate moto ianze kunusa, kisha Waceke akafungua mtungi ili apike chai ya wageni.

Hawakufika hata kwenye kiberiti. Alamu ilipiga yowe hadi ng'ombe akaruka zizini.

"Tokeni nje!" Avni akasema. "Auntie, usiwashe kitu!"

Mbuthia alifunga mtungi, wakatoka, milango ikaachwa wazi upepo upite. Harufu ilipokwisha, Avni aliomba maji ya sabuni. Walipaka povu kwenye paipu ya gesi kuanzia mtungini, wakafungua mtungi kidogo tu, wakatazama. Nyuma ya droo ya mvule, mapovu yakaanza kuvimba na kupasuka. Pembe ya droo ilikuwa ikiisugua paipu kila ilipofunguliwa, hadi ikatoboka. Alamu ya zamani isingewaambia. Ilikuwa imebaki na sauti tu, pua ilikwisha kufa.

Mbuthia alitazama mapovu yale, akavua kofia.

"Mama Shiru," akasema, "ningekata zile nyaya."

"Lakini hukukata."

"Ulinikataza."

"Na ukasikia," Waceke akamjibu, akamtoa vumbi la mbao kwenye nyusi. "Wanaume wangapi husikia?"

Mzee Dhruv alicheka hadi akakohoa. Mbuthia alikwenda mbio Kangemi kununua paipu mpya na klipu zake, akaikata droo pembe na kuipitisha paipu mbali nayo. Wakapaka povu tena, likatulia kama maziwa kwenye kikombe. Taa ya kijani ikabaki kijani. Chai ikapikwa, bhajia zikaisha, na majirani tulioitwa na lile yowe tukapata kikombe kila mmoja.

Agosti wakaenda. Nyahururu iliwapokea kwa baridi, nao wakaegesha kwenye uwanja wa kambi uliolindwa na mzee anayeitwa Nzuki. Asubuhi Waceke alikuwa nje akikaanga mayai kwa jiko la makaa, maana alitaka kutazama ukungu ukipanda, aliposikia alamu ikipiga yowe garini. Mlango ukafunguka kwa kishindo, Mbuthia akaruka nje kifua wazi, shati mkononi. Nzuki akaja mbio na ndoo ya mchanga.

"Ni gesi?" Waceke akapiga kelele. "Baba Shiru, ni gesi?"

Mbuthia alijifunika kifua kwa shati. Upepo ulijibu kwa niaba yake: harufu kali ya marashi ya kopo, tamu kama harusi, ilimfikia Waceke pale alipokuwa. Mume wake, ambaye hakuwahi kujipaka kitu zaidi ya sabuni ya kufulia, alikuwa amenunua marashi kisirisiri na kujipulizia akiwa amefunga madirisha yote, na alamu ikainusa gesi ya kopo.

"Nilisikia leo tunaenda kuona maporomoko," akasema akitazama chini.

Waceke alicheka hadi akakaa kwenye nyasi zenye umande. Nzuki aliweka ndoo chini, akacheka pia, akakaribishwa mayai. Kisha Mbuthia akavaa shati, akampa mkewe mkono, wakashuka pamoja kwenda kwenye maporomoko, na hata pale maji yalipokuwa yakinguruma, kila aliyewapita aligeuka kunusa.