Kipande cha Shedli Kilichobaki Juu ya Ardhi

Naziha wa mtaani kwetu, hapa Sfax, kazi yake ni kutazama mioyo ikifa. Si mioyo mizima. Anatazama chembe za msuli wa moyo, ndogo hivi kwamba ukizipanga elfu moja juu ya ukucha, nafasi ya kupaka hina bado ipo. Miaka kumi na tisa yuko maabara ya hospitali. Mama yake alikufa akiwaambia watu kuwa binti yake ni mkunga.

Mwaka mmoja alipasuliwa moyo Shedli wa kinu cha zeituni, yule ambaye akikoroma mizeituni ilipukutisha matunda kabla ya msimu. Daktari alikata kipande cha msuli wa moyo wake, kwa idhini yake mwenyewe, akampa Naziha. Shedli akaamka, akaomba supu ya samaki, akawatania wauguzi. Siku ya tatu akafa. Tukazika.

Siku nne baadaye Naziha akaja kwangu, uso umemsawijika.

"Bibi, kile kipande bado kinadunda."

"Cha maiti?"

"Shedli yuko kaburini, na kipande chake kinadunda kwenye kisahani changu. Hata nikiwa jikoni nakisikia."

Akaniapisha nisiseme. Nikaapa. Kabla ya adhana ya alasiri Mongia, mke wa Shedli, alikwisha kujua yote, na mimi sipendi kupeleka habari kavu, nikamwongezea kwamba kipande kinakoroma.

Mongia akavua nguo za eda. Akaenda sokoni na kitambaa chekundu kichwani. Wanawe nusura wapasuke kwa hasira. Imamu akaja mlangoni.

"Bi Mongia, mumeo amezikwa. Eda inahesabiwa tangu alipokata roho."

"Nikae ujane na mume anadunda? Unataka nimdanganye Mungu, sheikh?"

Kila mchana akamwekea Shedli sahani. Watu wakaanza kuzunguka njia ya nyuma wasipite mlango ule, maana sahani, walisema, zilirudi jikoni tupu.

Siku ya nane tangu kifo, Mongia akaenda maabara. Nilimsindikiza, kwani dhambi ilikuwa yangu. Naziha akamwinamisha kwenye hadubini. Kipande kilikuwa chembamba kama ngozi ya kitunguu, kinajikunja, kinakunjuka.

Mongia akanong'ona, "Shedli, mvivu wewe. Hata kufa umefanya nusu."

"Si yeye, Bi Mongia. Kuna umeme mdogo unaokigusa, ndipo kinajikunja."

"Naye alikuwa haamki bila kofi." Akainua uso. "Unataka kukifanya nini?"

Jambo hilo Naziha alikuwa ameliahirisha siku hadi siku. "Nakinyima hewa, kama mshipa ukiziba. Halafu nairudisha. Chembe nyingi zinavumilia kunyimwa, Bi Mongia. Zinakufa hewa inaporudi. Natafuta kwa nini."

Mongia akakaa kitako. "Walipomzibua mshipa aliomba supu," akasema. "Mimi nikajua amerudi."

Wallahi, nilikisikia kisahani kile.

"Kinyime," akasema Mongia. "Lakini mbele yangu."

Naziha akafunga hewa. Kipande kikalegea, kikadunda kwa kusuasua, mwisho kikatulia. Tulikaa saa nzima na zaidi, Mongia hakugeuza jicho. Hewa iliporudi, kikashtuka, kikadunda tena, na Mongia akacheka kwa sauti, akamwita mumewe kwa jina. Kisha kikaanza kutetemeka kama mtu wa homa. Chembe moja moja zikajikaza, zikabaki zimekaza. Umeme ukakigusa kipande. Hakikujibu.

Naziha akaandika saa.

"Saa ngapi?" akauliza Mongia.

"Tisa na dakika ishirini."

Mongia akavua kitambaa chekundu, akatoa nguo za eda mkobani, akazivaa palepale. Aliianza hesabu yake hapo, siku nane nyuma ya hesabu ya imamu, na hakuna aliyethubutu kumsahihisha.

Naziha akawa anapita mtaani kichwa chini, upande wa pili wa njia. Hadi asubuhi moja Mongia akamwita dirishani.

"Wewe! Umejua kilichomuua?"

"Kidogo, Bi Mongia."

"Kidogo? Umeniulia mume mara ya pili, unaniletea kidogo?"

Naziha akalia palepale barabarani. Mongia akamwacha alie mpaka akamaliza.

"Haya, jifute uso," akasema. "Unachelewa kazini."