Komoni ya Arobaini ya Baba

Mimi si mtu wa pombe. Niliokoka nikiwa kijana, nikabatizwa upya katika mto Lumemo, na kanisani kwetu pombe haina mjadala: hunywi, huuzi, hushiki chombo chake. Nilipopewa ushemasi ndiyo kabisa. Mimi ndiye niliyesimama mbele kuwasema waliokutwa kilabuni, na niliwasema kwa ukali. Leo naona aibu.

Mama yangu ni Mkatoliki wa Mahenge, na kwake pombe ni sehemu ya chakula. Tulibishana miaka. "Yesu mwenyewe aliwapa watu divai harusini, wewe nani unakataza?" Namwambia, mama, mwili ni hekalu. "Hekalu gani linanuna hivyo?" Anacheka, ananiongezea wali. Hatukuwahi kugombana kweli.

Halafu baba akafariki. Mchana alikula vizuri, jioni tumbo likamshika, kesho yake hatuko naye. Turubai la msiba halijashushwa, upande wa baba mdogo wakaanza kunong'ona: chakula kile alipika nani? Si yule mwanamke wa kuja? Mama alivuka mto pale Kivukoni kwa pantoni akiwa binti, kabla hata ya daraja kuotwa ndotoni, akazaa hapa Ifakara, akalima mpunga hapa mgongo ukapinda, na bado ni wa kuja! Nilikasirika. Lakini mnong'ono utaukamata wapi?

Ilipofika arobaini, mama akasema komoni, ile pombe yetu ya nafaka, atapika mwenyewe. Nikajua tumekwisha. Kwetu pombe ya kumaliza msiba hainywewi hivihivi. Mzaliwa wa kwanza anaonja kata ya kwanza mbele ya watu wote, ndipo anampa mkubwa wa ukoo. Maana yake chombo ni salama, na mkono uliopika ni salama. Zamani ilikuwa desturi tu, watu wanaonja huku wanataniana. Safari hii ilikuwa kesi ya mama yangu, na shahidi ni mimi.

Nilihangaika jamani. Nikaomba dada yangu aonje badala yangu. Baba mdogo akasema mzaliwa wa kwanza yuko hai, tena mzima. Nikamwomba mama apike togwa tu, isichachuke. "Nipike togwa, waseme nimeogopa?" Nikaenda kwa mchungaji. Akaniombea vizuri sana, kisha akasema, "Shemasi, hata hiyo kata usiishike." Kwake rahisi. Hakuwa mama yake.

Siku yenyewe watu walijaa uani. Waumini wenzangu walikaa mstari mmoja na soda zao, macho kwangu. Baba mdogo amekunja mikono. Mama akachota mwenyewe, akanipa kata kwa mikono miwili.

Nikaipeleka mdomoni. Nikaiinamisha, povu likanigusa pua, meno nimeyabana kama mtoto anayekataa dawa. Nikafuta mdomo, nikampa baba mdogo, ambaye sasa ndiye mkubwa wa ukoo. Akanywa. Wakanywa wote. Vigelegele vikapigwa, na kusema kweli, tangu siku ile sijasikia tena mtu akinong'ona juu ya mama.

Lakini mama alikuwa amesimama hatua moja tu kutoka kwangu, anatazama koo langu. Amenilisha tangu nazaliwa, anajua ninavyomeza. Akageuka akaingia jikoni.

Wiki haikuisha nikaitwa na wazee wa kanisa. Wale wa soda walikuwa wameshafika kunishtaki. Mchungaji akauliza, "Ulikunywa au hukunywa?"

Loo! Sikunywa. Ningesema hivyo tu, nikarudi nyumbani na ushemasi wangu. Lakini Ifakara hii neno la kanisani halilali kanisani. Kabla ya jua kuzama lingekuwa limemfikia baba mdogo: hata mwanawe wa kumzaa aliiogopa pombe yake. Nikatazama sakafu.

"Nilikunywa, mchungaji."

Nilidanganya katika nyumba ya Mungu, mimi niliyewasema wengine. Wakanivua ushemasi, wakanitenga na meza ya Bwana. Sasa nakaa benchi la nyuma pamoja na walewale niliokuwa nawasema. Walisogea wakanipa nafasi.

Habari zikamfikia mama. Nilipokwenda kumsalimu nilimkuta anachagua mchele kwenye ungo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nasikia kanisani umesema ulikunywa."

"Ndiyo."

"Haya. Baba yako mdogo, na maneno yake yote, alikunywa. Mkewe alikunywa. Wewe tu, mwanangu, hukunywa."

Nikamwambia ni kwa ajili ya wokovu. Nikamwambia niliweka ahadi mbele za Mungu, anaijua, tumebishana miaka mingapi. Nikamwambia haihusiani kabisa na chakula alichokula baba.

Mama akaacha kuchagua, akaniangalia.

"Una hakika?"

Nilitakiwa kujibu palepale. Nikafungua mdomo, nikatafuta ndani yangu lile jibu, na sikuliona haraka kama nilivyodhani. Lilipokuja, mama alikuwa ameshainuka na ungo wake.