Habari Yangu Niiseme Mwenyewe

Mwanangu Aline, jana ulipopanda moto, hizi pikipiki za abiria, kurudi Kacyiru ulikuwa umenuna. Nilikusikia ulivyofunga geti. Ulikuja hapa Masaka na tovuti mpya ya ofisi yenu ya kuombea vyeti ili mjomba wako kipofu aijaribu, ukitegemea nitaisifu, nami nikakuambia haifai kufunguliwa Jumatatu. Ukanijibu kwa adabu kwamba wakubwa wameshapanga, na kwamba chini kabisa mmeandika kuwa watu wenye ulemavu waende kwa wakala wa karibu, watasaidiwa. Akili yangu ilikuwa imeshakwenda mbali, kwenye asubuhi moja ya ujana wangu pale Kimisagara, na hiyo ndiyo ninayotaka kukusimulia. Usiniharakishe tu.

Unajua mimi nilipofuka kwa surua nikiwa mdogo, huko Karagwe tulikokulia na mama yako. Niliporudi kwetu Rwanda, nikakaa Kigali, nilikuwa kijana wa kujipenda. Suruali zangu zilipigwa pasi zikakaza, na viatu nilivisugua mwenyewe mpaka kidole kikateleza juu yake. Nilikuwa nimesoma shule ya wasioona, nikapata kazi ya kupokea simu kwenye kampuni moja mjini. Nilipanga chumba bondeni Kimisagara, katikati ya fundi wa milango ya chuma na kinyozi aliyependa redio. Njia ya kwenda kazini niliijua kwa masikio na pua. Hapa wanauza mkaa, hapa wanakaanga maandazi, halafu inafuata mashine ya kusaga ya Mzee Sebastiani. Pale nilipunguza mwendo kila siku, na si kwa sababu ya unga.

Pale alikuwepo Domitila, binti wa mzee. Wewe ulimkuta ameshakuwa tantine wako, mke wangu, mtu mzima, amechoka miguu, anasali rozari yake pembeni ya dirisha. Mimi nilimkuta msichana anayecheka kabla hujamaliza kusema. Alikuwa amekulia Bujumbura. Kinyarwanda changu kilikuwa na Kinyambo cha Karagwe ndani yake, chake kilikuwa Kirundi kitupu, na kila tulipojaribu kuongea mmoja alimcheka mwenzake. Mwisho tukakubaliana tupendane kwa Kiswahili. Mungu amlaze pema. Mpaka leo nikisikia mtu anasema "sawa kabisa" kwa lafudhi ya Bujumbura, nageuza kichwa.

Sasa, desturi yetu unaijua. Baba wa msichana hasikii habari ya posa barabarani. Wazee wa upande wako wanakwenda, msemaji wao anazungusha maneno matamu, na baba anakaa pale anashangaa kama mtu aliyeletewa habari ya ajabu, hata kama binti ameshaanza kuchagua kitenge. Mimi nilitaka nijipange kwanza. Nilijua watu watasema kipofu anatafuta mtu wa kumwongoza, si mke. Kwa hiyo kabla ya kuwatuma wazee nilikwenda mwenyewe, na fimbo yangu, kwenye ofisi ya serikali ya mtaa kuomba cheti kwamba sijaoa. Mtu akiuliza kama nimejiandaa, nitoe karatasi mfukoni.

Karani aliyenipokea alikuwa mtu mwema, na naomba ulishike hilo. Alinishika mkono akanipitisha mbele ya watu wote waliokuwa kwenye foleni.

"Naweza kusubiri," nikamwambia.

"Hapana, ndugu yangu. Weye iko na shida, lazima tukusaidie."

Akanikalisha karibu na benchi la watu, akachukua kalamu, akaanza kuniuliza kwa sauti ambayo watu wengi huitumia wakiongea na kipofu, kana kwamba na masikio yamekwenda na macho. Nimezaliwa wapi. Nimeshawahi kuoa. Nina mtoto nje. Mchumba ni nani, binti wa nani, anakaa wapi. Nikamwinamia, nikamwomba apunguze sauti. Akanipiga begani kwa upole, akasema nisijali, hapo wote ni ndugu. Halafu akanisomea yote aliyoyaandika, tangu mwanzo, nihakikishe kama ni sawa. Benchi zima lilihakikisha pamoja nami.

Sikuwa hata nimefika mlangoni kwangu, kinyozi akanipongeza. Nilipotoka kwenda kazini, wa maandazi naye akanipongeza. Nilipokaribia mashine ya kusaga nilivuka upande wa pili wa njia, lakini haikusaidia, kwa sababu mama mmoja aliyekuwa kwenye lile benchi alikuwa ametoka ofisini na debe lake la mahindi moja kwa moja kwenda kusaga.

Kesho yake Domitila alikuja analia. Baba yake alikuwa amesema hatapokea wazee wa mtu yeyote kutoka upande wangu, na kwamba Domitila atapelekwa Butare kwa shangazi yake akapumzike. Niliogopa, mwanangu. Nimeshaumwa, nimeshafukuzwa kazi, nimeshamzika yeye mwenyewe Domitila, lakini woga wa siku ile sijauona tena. Nilimwona anaondoka na kicheko chake, na mimi nabaki na kinyozi na redio yake.

Nikaenda kwa mzee. Wenzangu walinikataza, wakasema atanifukuza. Nilisimama mlangoni, mashine inanguruma, vumbi la unga linaniingia puani, nikangoja. Baadaye mashine ikazimwa.

"Kijana, ikala," akasema, nami nikakaa. "Habari ya mutoto yangu, mbona nayisikia kwa watu wa unga?"

Nikamweleza. Kwamba karatasi ile siwezi kuijaza kwa mkono wangu, kwamba aliyenijazia aliuliza kwa sauti, kwamba nilimwomba apunguze.

"Yeye akasema nini?"

"Akasema wote pale ni ndugu."

Nikasikia mzee anapangusa mikono, akanipa kiwiko chake nikishike, akasema twende. Hakunishika yeye. Alinipa kiwiko nikishike mimi, na tangu hapo nikajua nina baba mkwe.

Ofisini hakugombana na mtu. Alimsalimia karani vizuri, akamwuliza hali ya watoto, ndipo akamwambia, "Bwana karani, huyu kijana surua ilichukua macho yake. Mudomo yake ni weye umeichukua."

"Mzee, mimi nilitaka kumusaidia tu."

"Umemusaidia mpaka karibu anakosa bibi."

Karani alikuwa na moyo, nimekuambia. Aliomba radhi, kwangu kwanza, kisha kwa mzee. Siku hiyohiyo akatafuta chumba cha ndani chenye mlango, na kila nilipopita pale miaka iliyofuata, akija mtu asiyeona au asiyejua kusoma, nilimsikia anamwuliza kwanza: "Tuongelee wapi?" Swali dogo hivyo lilibadilisha ofisi nzima.

Posa ilikuwa nzuri. Wazee wangu walifika na pombe na maneno yao, na Mzee Sebastiani akakaa pale anashangaa. Aliuliza mimi ni nani, nimetoka wapi, nimemjulia wapi binti yake. Alishangaa vizuri mno, mpaka Domitila akaangua kicheko nyuma ya pazia na shangazi zake wakamziba mdomo. Wazee wangu walitoka pale wakisema yule mzee ni muungwana, hakuwa amesikia hata neno moja.

Sasa turudi kwenye tovuti yenu. Simu yangu haina sauti ya Kinyarwanda, kwa hiyo nimeiwekea ya Kiswahili, na inasoma Kinyarwanda kama mtu wa Tanga aliyeshushwa stendi ya Nyabugogo leo asubuhi. Nimeizoea, tunaelewana. Lakini jana kwenye ukurasa wenu ilikuwa inaniambia, "Kitufe. Kitufe. Kitufe." Kitufe cha nini? Kila mlango mmeuweka bila jina, nami niufungue kwa kubahatisha. Nikapita hapo, nikakutana na picha ya herufi zilizopindapinda nithibitishe kwamba mimi ni mtu. Nikabonyeza, sauti ikanyamaza. Nikakuuliza kimetokea nini, ukasema, "Tonton, kuna maandishi mekundu hapo." Mekundu yananihusu nini mimi? Na nilipokaribia mwisho muda ukaisha, nikarudishwa mwanzo, kwa sababu aliyepanga muda huo anasoma kwa macho na hajawahi kusikiliza ukurasa mzima ukisomwa neno kwa neno.

Na si mimi peke yangu. Josiane anayeshona hapa jirani hasikii. Ile video ya mkurugenzi wenu anayeeleza utaratibu, kwake ni mwanaume anayechezesha midomo. Mngeandika maneno chini yake, angeelewa kabla yangu.

Kuhusu wakala, huyu wa hapa kwetu ni kijana mzuri sana. Anauza vocha na soda, na akikujazia maombi yako anauliza kwa sauti ya kushindana na muziki wake. Mwezi uliopita nilikuwa kwenye foleni yake nikamsikia akimwuliza mwanamke asiyeona kama ameolewa au ameachika. Foleni nzima ikanyamaza kungoja jibu. Mwanamke yule akasema atarudi siku nyingine. Hakurudi, nilimwuliza kijana. Nilisimama pale na miaka yangu yote hii, nikajiona tena kwenye benchi la Kimisagara, ila safari hii benchi limewekwa na serikali kila kona na limeitwa huduma.

Ndiyo maana sikukusifu, mwanangu. Kazi yako naiona ni nzuri, na nakuonea fahari mbele ya kila mtu anayenisikiliza. Lakini usiikabidhi bado. Kila kitufe kipe jina linalosomeka. Kosa likitokea, liandikwe kwa maneno, lisiwe rangi tu. Mtu apewe muda, na akitaka kuongezewa aongezewe. Hizo herufi zilizopinda ziondoeni, tafuteni njia nyingine ya kunijua kuwa ni mtu. Tena waiteni watu wasioona, wasiosikia, wenye mikono inayotetemeka, wakae nanyi sasa hivi wakati bado mnajenga, msiwaite siku ya kukata utepe wapigwe picha. Wakala mwacheni abaki kwa yule anayemtaka. Wakubwa wako wakikuambia Jumatatu ni Jumatatu, wasimulie kuhusu mtu aliyesaidiwa mpaka karibu akose mke. Wakishacheka, waambie ni mjomba wako. Na kama wataendelea kukataa, sema kwa sauti kwamba wewe hukukubali, maana siku moja mtu atakuuliza.

Halafu kuna jambo lingine. Jana nilipokuwa nahangaika na ukurasa ule hukuchungulia naomba cheti gani. Nilitambua, na nimekushukuru kimoyomoyo. Domitila ameondoka muda sasa, Aline, na nyumba hii imekuwa kimya kupita kiasi. Yupo mama mmoja, mjane, wa huku huku Masaka. Amenikubalia. Ndugu zake hawajui, wala mama yako hajui, na nataka wajue siku wazee wangu watakapokwenda kusema, wasijulie kwenye foleni ya vocha. Cheti nitakiomba mwenyewe, kwa simu yangu, nikiwa nimefunga mlango, ukurasa wenu ukiwa tayari. Wewe nimekuambia kwa sababu nimetaka.

Mungu akupe wakubwa wanaosikia, na akili isiyochoka, na usingizi mzuri baada ya kazi. Akulinde na moto za Kigali. Akujalie siku yako ikifika, baba yako naye ashangae vizuri. Amina, mwanangu.