Mlipuko Uliokumbukwa na Wote

Watu wa sokoni walimwita Mama Vifungo kwa sababu hakuna shati lililotoka mikononi mwake likiwa na kifungo kilicholegea. Alishona sare za shule kwa miaka ishirini na miwili, na kwa saba ya mwisho alishona pamoja na mdogo wake, goti kwa goti, mlangoni mwa banda lao.

Jumanne moja, saa nane mchana, stoo ya magodoro ng'ambo ya uchochoro ilishika moto. Mama Vifungo aliuona ulivyoanza. Moshi mwembamba ulichungulia darini, pale nyaya zilipofungwa kwa vipande vya nailoni, kisha mwali ukafuata. Kishindo hakikuwapo. Hakuna aliyeumia, lakini stoo ilibaki majivu.

Siku ya tatu, video ikaingia kwenye kundi la simu la wafanyabiashara. Mtungi wa gesi unalipuka, watu wanatimua mbio, na chini yake maneno: "Hivi ndivyo fundi wa kuchomelea alivyotuunguzia soko." Jengo la kwenye video lilikuwa la ghorofa tatu. Soko lao lilikuwa la mabati, halina hata ngazi! Lakini banda la fundi wa kuchomelea lilipakana na stoo ile, na watu walikuwa wamembandika jina la Cheche. Jina lenyewe halikumsaidia.

Wiki haikuisha. Muuza vyombo akakumbuka kishindo. Muuza viatu akakumbuka vishindo viwili. Kinyozi naye akakumbuka vioo vyake vikitetemeka.

"Wewe si ulikuwa msibani?" Mama Vifungo alimuuliza.

"Nilikuwa nimesharudi."

"Ulirudi Alhamisi. Ufunguo wako nilikuwa nao mimi."

Kinyozi akajikuna shingo. "Basi mke wangu ndiye aliyesikia."

Ya kinyozi aliyaachia hewani. Yaliyomkaa kooni ni ya mdogo wake.

"Dada, mimi siku ile masikio yalivuma mpaka jioni."

Mama Vifungo akasimamisha cherehani. "Yavume kwa lipi? Tulikuwa hapahapa. Ulichosema ni, 'Dada, nasikia harufu ya plastiki.'"

"Ndiyo, kabla ya mlipuko."

"Mlipuko upi, mdogo wangu? Wa kwenye simu?"

"Mbona unaniona mwongo?" Machozi yalikuwa yanamlenga.

Hapo ndipo Mama Vifungo alipoishiwa nguvu. Mdogo wake hakuwa anadanganya. Mwongo utambana kwa maswali mpaka ajikwae. Anayekumbuka kwa moyo mweupe jambo ambalo halikutokea, utamshika wapi?

Mwenyekiti wa soko akamfungia Cheche banda na kuitisha kikao. Mama Vifungo akaapa kwamba atasema. Asubuhi ya siku hiyo, akipiga pasi, alijipangia maneno na kufumba macho ili aione upya siku ile. Moshi. Mwali. Na kishindo, kikubwa, wazi kabisa. Alipofumbua macho, kola ya shati la watu ilikuwa imeungua.

"Hata mimi!" akafoka peke yake. "Hata mimi jamani!"

Ndipo alipokumbuka kwamba moto ukiwaka alimtumia shangazi yake ujumbe wa sauti, maana shangazi alikuwa njiani kuja kuchukua gauni. Akapekua simu, akipita dua na salamu za asubuhi zisizo na idadi, mpaka akaupata.

Kikaoni aliuweka mbele ya kipaza sauti. Ilikuwa sauti yake, ikihema: "Shangazi, usije leo, stoo ya magodoro inaungua. Hatujasikia kishindo wala nini, ni moshi tu, umeanzia kwenye nyaya." Nyuma yake mwanamume alipiga kelele: "Zimeni umeme! Zimeni umeme kwanza!" Hiyo ilikuwa sauti ya Cheche.

Mama Vifungo alihisi uso unamchoma. Wiki nzima alikuwa akisimulia kwamba aliyepiga kelele umeme uzimwe ni yeye, na aliamini hivyo.

"Na hilo nalo mlichukue," akasema. "Niliwaambia ni mimi. Hakuwa mimi, alikuwa yeye."

Mwenyekiti akarudisha funguo palepale. Cheche alizipokea kwa mikono miwili. Aliyesambaza video hakuomba radhi, na kinyozi, akitoka, alikuwa akimnong'oneza mwenzake, "Labda alirekodi kabla mtungi haujalipuka."

Bandani, mdogo mtu aliusikiliza ujumbe ule mara nne.

"Najua mlipuko haukutokea, dada," alisema mwishowe. "Lakini bado nausikia."

Mama Vifungo akakata uzi kwa meno.

"Nipe shati jingine," akasema.