Bango Langu na Salamu za Mama Naserian

Leo nimegombezwa dukani kwa kosa la kutosumbua mteja.

Mnajua bango la hapa agrovet yangu Kitengela: "HATUTUMI BARUA PEPE ZA MATANGAZO KWA MTU AMBAYE HAJAOMBA." Niliandika mwenyewe, nikiwa na hasira ya matangazo yanayojaa kwa barua pepe yangu.

Asubuhi akaingia Mama Naserian, mteja wangu wa miaka mingi, wa dawa ya minyoo ya mbuzi. Binti yake amemwekea barua pepe kwa simu.

"Yule wa duka la pale stendi ananiandikia kila siku, 'Habari ya asubuhi, mteja wetu mpendwa.' Wewe nilikukosea nini?"

Nikamwonyesha bango. "Mama, hii ni heshima."

"Heshima ya kuninyamazia?"

Nikauliza, kwa uoga kidogo, kama ameanza kununua huko.

"Dawa yao ni maji tupu. Lakini wananisalimia. Ukiendelea kuninyamazia, nitazoea hayo maji."

Basi aombe tu, nikamwambia, nimtumie.

"Niombe salamu?"

Nikachukua kalamu nene. Sasa bango langu linaisha hivi: "ISIPOKUWA MAMA NASERIAN."

Kesho nianze na "mteja wetu mpendwa" ama nimwamkie mama kwa Kimaasai, "takwenya, yeyo"? Nisaidieni, huyu mama anasoma kila kitu.