Ng'ombe Mwenye Ndama Haendi Fora

Iko siku moja hainitoki akilini, mwanangu Darmi. Wewe ulikuwa bado unanyonya, na mimi muuguzi kijana hapa Isiolo, nafanya lokamu hospitalini: muuguzi akikosekana naitwa, namaliza zamu yangu, narudi nyumbani. Siku hiyo nikaambiwa nimepata kazi ya kudumu, yenye pensheni. Wodi nzima ikapiga vigelegele. Lakini kazi yenyewe ilikuwa Sericho, na Sericho unaijua: njia ndefu, maji ya shida, ukienda umeenda.

Nikapanga haraka haraka. Nikuachishe ziwa, nikuache na bibi yako, Akko Tume, mama mzazi wa baba yako, niende peke yangu. Tukamwita kutoka Biliqo. Nikanunua sukari na majani mazuri ya chai, nikijua mzee huyo atafurahi kuliko wote. Wacha! Alikunywa chai yake polepole, akakutazama ulivyoning'ang'ania shingoni, na hongera hakutoa.

"Mama Darmi," akaniuliza, "kwenu hamkufuga? Kiangazi kikija na ng'ombe wakigawanywa, nani anaenda fora?"

Nikacheka. Hata mtoto mdogo wa Kiborana analijua hilo. Fora ni lile kundi linalopelekwa mbali kutafuta nyasi, la madume na ng'ombe wasio na maziwa. Wenye ndama hubaki karibu na boma.

"Na huyo anayebaki, mnamcheka kwamba ni mvivu?"

"Hapana, mama."

"Ndama wake akikua?"

"Anaenda na wengine."

"Basi. Nyasi za huko mbali zitakuwepo tu. Mtoto ukiniachia nitamlea, sikatai. Lakini usije ukasema hukujua mifugo inagawanywa vipi."

Haki nilikasirika. Nilitaka kushangiliwa, nimepewa somo la ng'ombe! Nikatoka nje, nikaanika nepi zako kwa hasira mpaka vibanio vikaisha. Nikiwa hapo kwenye kamba, ukalia ndani, na maziwa yakanichuruzika mpaka nguo ikalowa. Nilisimama pale nikalia na mimi. Hapo nikajua siendi.

Nikaikataa ile kazi. Wewe, watu walisema! Kaka yangu alininunia, akidai bahati haibishi hodi mara mbili. Baba yako, na biashara yake ya mbuzi, akasema siku zisizo za soko atakushika yeye, mimi nichukue zamu. Siku za soko nikawa nawe mimi. Tukaishi hivyo.

Sikudanganyi kwamba ilikuwa raha. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kuna miezi hospitali haikuniita, tukanywa chai ya rangi. Nilipokuja kupata kazi ya kudumu, wewe ukiwa darasa la tatu, mkubwa wangu alikuwa msichana niliyemfundisha mwenyewe kufunga bendeji. Iliniuma, tena sana. Hata leo pensheni yangu ni nyembamba, na siku nyingine huwa nawaza ingekuwaje.

Lakini siku uliposhika ukuta, ukauachia, ukaja ukiyumba mpaka magotini pangu, nilikuwa nimekaa mlangoni nachambua maharagwe. Hakuna aliyenisimulia. Niliona mwenyewe, na maharagwe yote nikayamwaga.

Sasa na wewe ni muuguzi wa lokamu, una mwanao Guyo mgongoni, na juzi umeitwa kazi ya kudumu. Sericho tena! Nimecheka mpaka nikakohoa. Kisha nikakuona unavyozunguka hapa nyumbani, asubuhi unaenda, jioni huendi, nikakuhurumia. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Basi sikia, mwanangu, na wenzako wenye watoto wadogo wasikie. Usiikatae kazi kwa sababu mama yako alikataa. Mimi nilikuwa na mume wa kugawana naye siku; wako ni dereva wa lori, leo yuko Moyale, kesho hajulikani. Wala usiikubali kwa kuogopa midomo ya watu. Midomo haichoki, na haijawahi kumwogesha mtoto wa mtu. Kwanza tazama ndama wako yuko wapi, ndipo ujue kundi lako. Nyumba ikihitaji mshahara, kwenda si dhambi. Kubaki na zamu za kuitwa nako si aibu. Jua tu kwamba ni msimu, na msimu hupita. Mvumilivu hula mbivu.

Na lile ulilosema, kwamba uniachie Guyo hapa Isiolo uende peke yako, jibu langu ni hapana. Usishtuke, mjukuu wangu sijamkataa! Ukienda Sericho, tunaenda wote watatu. Wenye ndama hubaki karibu nao, na wasio na ndama ndio huenda mbali. Mimi wangu amekua, hata anatibu watu. Nitakaa na Guyo kivulini nje ya zahanati, na akitaka kunyonya nitamleta mlangoni.

Mungu akupe amani, mwanangu. Akupe mvua na maziwa, akurudishe salama kila zamu. Na siku Guyo atakapouachia ukuta, akujalie uione kwa macho yako.